Ngozi Chini ya Tangi

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Nimesema hivyo mbele ya watu wengi, hata kanisani, na nakuambia wewe pia ili tuanze tukijuana. Nimefungua injini ambayo panya alikuwa amezalia ndani. Nimeletewa pikipiki iliyotolewa mtoni, taa yake imejaa matope kama bakuli la uji. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, na leo nina karakana mbili, moja Kiptere na nyingine Sigor, mafundi tisa chini yangu, na vijana wenye vyeti vya chuo hunijia wamevua kofia: "Mzee, hii waya inaenda wapi?" Nawaambia. Wanaandika.

Lakini kazi iliyonipa jina ni ndogo, inaingia mfukoni. Ni braketi. Zile pikipiki za zamani za Mwingereza, ambazo mameneja wa mashamba ya chai walizungukia wachumaji, bado ziko, zimejificha kwenye stoo chini ya magunia. Siku hizi watu wenye pesa wanazitafuta kama dhahabu. Shida yake ni vitu vya umeme. Koili, ile inayoipa plagi moto, ya leo ni nene kuliko ya zamani, betri ina umbo lingine, honi matundu yake yamekaa upande. Hakuna kinachokaa pale mwenzake alipokuwa. Hapo ndipo naitwa. Natengeneza kipande cha chuma cha kumshikilia mgeni kwenye kiti cha mwenyeji, na kikikaa kimekaa. Kuna mtu alitoka Nakuru na honi moja mkononi, akapita karakana ishirini njiani bila kusimama. Alikuwa anakuja kwa nani? Jibu unalijua.

Basi mwezi wa pili mwaka huu akanijia Weldon, mtoto wa marehemu mwinjilisti Arap Tonui. Weldon ni mtu wa ofisi Nairobi, viatu vyake havijui matope. Alileta pikipiki ya babake juu ya pikapu, akasema inazima ikishapata moto, ikipoa inawaka tena. Hiyo ni koili, nikamwambia kabla hajamaliza sentensi. Nikaiwasha, nikaiacha ichemke kama robo saa, nikafungua bolti mbili, nikainua tangi.

Ikanipiga harufu ya maziwa.

Maziwa ya kibuyu, mursik, pamoja na ule moshi wa makaa ya senetwet, mti ambao mama zetu husugulia kibuyu ndani kabla ya kumimina. Ilitoka pale chini ya tangi, katikati ya petroli na grisi, kana kwamba mtu amefungua mlango wa jikoni kwa Kogo. Kogo ni nyanya yangu, mama ya baba. Sisi Wakipsigis ndivyo tunavyowaita. Yuko kaburini miaka mingi.

Nikainama. Koili ilikuwa imeshikwa na braketi ya chuma bapa, na kati ya chuma na koili kulikuwa na kipande cha ngozi, cheusi, kinang'aa kwa mafuta. Koili yenyewe ilishaisha kazi, lakini braketi haikuwa imelegea hata unywele. Niliijua. Niliitengeneza mimi nikiwa na miaka kumi na miwili.

"Mzee, uko sawa?" Weldon akauliza.

Nikamwambia niko sawa, arudi kesho. Halafu nikakosa pa kuweka mikono. Nilitembea mpaka barabarani, nikarudi, nikaenda tena. Nikashika spana, nikaiweka, nikaichukua ileile. Mafundi wangu waliacha kugonga wakanitazama.

Acha nikueleze.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Kiptere, mahali ambapo chai inaanzia mlangoni na kuishia pale macho yanapochoka. Asubuhi kulikuwa na ukungu, saa nane mvua, na katikati jua kali la kukausha nguo mara moja tu. Sokoni kulikuwa na fundi mmoja, Onchari, Mkisii aliyevuka kutoka ng'ambo ya Chepilat na sanduku la spana na mke mmoja, akajenga kibanda cha mabati, akakaa. Alitengeneza pikipiki, baiskeli, pampu za kunyunyizia dawa, redio, na mara moja meno ya bandia ya mzee mmoja ambaye simtaji kwa sababu wajukuu wake wako hai. Mimi kwanza nilikuwa naenda kwake baada ya shule, halafu kabla ya shule, halafu badala ya shule.

"Wewe mtoto ya maziwa," alikuwa akiniambia, "shika hiyo bolti vizuri. Usishike kama unakamua."

Baba yangu akipita alimjibu kwa niaba yangu: "Onchari, na hiyo tumbo imejaa ndizi namna hiyo, bolti utaiona wapi?" Wakacheka wote wawili, wakagawana hindi la kuchoma. Ndivyo watu wale walivyoishi.

Mwaka ule, neno kubwa nyumbani lilikuwa ndoa ya senge. Senge ni dada ya baba, jina lake Chebet, mtoto wa mwisho wa Kogo. Alikuwa mchumaji hodari, vidole vyake vilikimbia juu ya majani kama kuku anadonoa, na alikuwa akiniletea mkate wa mia... siyo mia, wakati huo mkate haukuwa na bei hiyo, ila alikuwa akiniletea mkate. Mchumba wake alitoka Sigor, kule chini Chepalungu, na msemaji wa upande wa kina mchumba alikuwa huyo mwinjilisti Arap Tonui. Yeye ndiye aliyebeba maneno. Sigor na Kiptere si jirani, na simu hazikuwepo. Mwinjilisti asipofika, maneno yanalala. Na yeye alipanda pikipiki ya Mwingereza aliyoinunua kwa meneja mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na pikipiki hiyo ilikuwa na ugonjwa.

Braketi ya koili. Ile ya kiwandani ilikatika. Injini ya silinda moja hutetemeka kama mtu mwenye malaria, na koili ikilegea waya zinagusana, moto unakufa, mwinjilisti anasukuma. Mara mbili wazee wetu waliketi wakimsubiri mpaka chai ikapoa, na mara mbili akatokea jioni, koti limejaa vumbi, wageni wengine wameshakwenda. Senge Chebet alichuma majani siku hizo kama anawang'oa watu nywele.

Onchari alijaribu. Braketi ya kwanza aliikata kwenye debe la mafuta. Ililainika, ikachanika kama karatasi. Ya pili aliikata kwenye jembe lililokwisha. Ilikuwa ngumu mno, ikavunjika kama biskuti. Ya tatu ilitoka kwenye fremu ya kitanda, na hiyo ilifika mpaka Litein. Mimi nilishika kila moja iliporudi. Nikaziweka juu ya jiwe kwa mstari na kuzitazama, kwa sababu nilikuwa mtoto asiyeweza kukaa lakini kitu kilichovunjika kiliweza kunikalisha.

Zote zilivunjikia mahali pamoja, pale kwenye tundu, karibu na kona. Na koili yenyewe ilikuwa imekwaruzwa kiunoni. Nikaona. Chuma kilikuwa kimekaba chuma. Kadiri Onchari alivyokaza, ndivyo kilivyokuwa kinajikata. Kile kitu hakikutaka kukazwa, kilitaka kubebwa.

Na nilijua kitu kimoja kinachobeba bila kukaba. Kilikuwa kinaning'inia nyumbani kwa Kogo, kwenye boriti.

Kogo alikuwa na vibuyu vingi, lakini kimoja alikipata kwa mama yake. Kilikuwa kikubwa, tumbo lake kama la mbuzi mwenye mimba, na rangi yake ilishavuka wekundu ikafika weusi. Ndicho kilichotoa maziwa ya posa ya kila msichana wa nyumba ile: wageni wanaketi, Kogo anakiinua, anamimina, wazee wanakunywa, ndipo maneno yanaanza. Kilibebwa na mkanda wa ngozi ya ng'ombe uliozunguka shingo, ukapita chini ya tumbo, ukarudi juu kuwa mshikio. Mkanda huo ulikuwa umekunywa mafuta ya maziwa miaka sitini. Ulipinda kama kitambaa. Ulikuwa umebeba kile kibuyu tangu kabla ya baba kuzaliwa na hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Jumatatu alasiri Kogo alikuwa shambani. Posa ilikuwa Jumamosi. Nilipanda kigoda, nikashusha kibuyu, kikiwa kitupu, na kwa wembe wa Onchari nikakata kipande cha mkanda urefu wa kiganja, upande ule unaotazama ukuta. Mahali pake nikaweka mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaukunja mara mbili, nikaufunga pande zote kwa waya wa shaba. Na nitakuambia ukweli: ile ilikuwa kazi nzuri. Waya nilizungusha mizunguko saba, yote imelala sambamba, ncha nikazificha ndani zisimchome mkono. Niliinua kibuyu, nikakitikisa. Kilishika. Nikakirudisha kwenye boriti na nikajiambia Kogo macho yake yana ukungu, hatajua.

Halafu nikakimbia sokoni.

Braketi ile niliitengeneza siku mbili, na Onchari aliniachia kwa sababu alikuwa amechoka kushindwa. Sikupima kwa rula. Nilikata mfano kwanza kwa kadi ya harambee, ile karatasi ngumu, nikaupachika chini ya tangi, nikaupunguza, nikaupachika tena, mpaka ukakaa kama ulimi mdomoni. Nikauchora kwenye chuma bapa. Nilitoboa matundu kabla ya kukunja, kwa drili ya mkono, na lile la mbele nikalirefusha kidogo kwa tupa ili bolti ipate pa kujisogeza. Nikakunja juu ya kipande cha reli, polepole, mkunjo wa mviringo, bila kona, kwa maana kona kali ndiyo mlango wa ufa. Hilo Onchari hakunifundisha. Vile vipande vitatu vilivyokufa ndivyo vilivyonifundisha. Kisha nikapasha chuma moto, nikakitia kwenye oili chafu kikawa cheusi, nikalaza ngozi ya Kogo ndani, nikaivika koili, nikafunga.

Onchari aliitikisa kwa kidole. Akaitikisa kwa mkono. Akakaza midomo.

"Hii ngozi umetoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ni pakubwa," akasema. Lakini hakuuliza tena. Akamwita mwinjilisti, akamwambia, "Mwinjilisti, hii imetengenezwa na fundi mdogo. Ikivunjika, kuja upige yeye. Isipovunjika, ombea mimi."

Mwinjilisti akaondoka na pikipiki Alhamisi. Mimi sikulala vizuri tangu siku hiyo, sikula, sikukaa. Kila nikisikia injini barabarani nilisimama.

Jumamosi nyumba ilijaa. Baba alikuwa amevaa tai. Wazee wa ukoo walikaa upande mmoja, viti vya upande wa pili vilikuwa wazi, na Senge Chebet alikuwa jikoni na wanawake, mimi nimekaa kwenye mti wa mparachichi nyuma ya nyumba kwa sababu chini nisingeweza. Saa nne ikapita. Mzee mmoja akaanza kusafisha koo. Ndipo nikaisikia, mbali, ng'ambo ya bonde, juu ya chai: tu-tu-tu-tu, bila kukosa hata pigo moja. Ilipanda mlima bila kukohoa. Ilishuka. Ikaingia boma mwinjilisti akiwa amesimama kidogo juu ya vikanyagio kama askari wa gwaride, nyuma yake amebeba mjomba wa mchumba, na nyuma yao pikapu ya wageni.

Msomaji wangu, nimejenga nyumba ya mawe, nimenunua shamba, nimeoa. Sijawahi kusikia tena furaha kama ile. Niliteremka kwenye mti bila kujua miguu ilipita wapi, nikaingia ndani mpaka mlangoni pa sebule, nikitaka mtu aseme jina langu.

Kogo akaingia na kibuyu.

Alikuwa amekisugua kwa makaa Jumanne, akamimina maziwa, akakisimamisha pembeni siku nne maziwa yakomae. Kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Alikibeba amekikumbatia hadi mbele ya wageni, akakiweka kwenye kigoda, akasema maneno ya kukaribisha. Kisha, kama alivyofanya kwa kila binti yake, akashika mshikio wa ngozi akakiinua kwa mkono mmoja.

Mimi nilikuwa nimekijaribu kitupu.

Mpira haukukatika. Ningependa ungekatika, kwa sababu mkanda ukikatika ni uzee. Mpira ulinyooka. Kibuyu kilishuka kwanza polepole, kikarudi juu kama mtoto anayebembea, kikainama, kikatoka kwenye mkanda, kikagonga pembe ya kigoda. Ufa ulikwenda kutoka shingoni mpaka tumboni, nikausikia. Maziwa yote yakaenda sakafuni, yakafika kwenye viatu vya yule mjomba.

Sisi ni watu wa kanisa. Lakini maziwa yakimwagika siku ya posa, hata mzee wa kanisa huangalia chini. Yule mjomba alivuta miguu yake nyuma, akaiangalia.

Kogo aliinama haraka kuliko umri wake. Alikusanya vipande vya mkanda, na nikaona, mimi peke yangu nikaona, anavyouchomoa mpira ule na kuusukuma ndani ya mkunjo wa nguo yake. Akasimama.

"Mikono yangu imezeeka," akasema. "Nisameheni."

Mjomba akasema hapana shida, mama, hapana shida kabisa. Wakanywa chai. Wakala. Na baada ya kula akasema labda ni vizuri warudi nyumbani wakafikirie kidogo, hakuna haraka, Mungu ana wakati wake. Pikipiki ikaondoka ikipiga vizuri kama ilivyokuja. Niliisikia mpaka ilipomaliza mlima, na kila pigo lilinipiga.

Walirudi baada ya miezi minane. Senge Chebet aliolewa, na mume wake akawa mtu mzuri. Lakini miezi minane msichana aliyerudishiwa posa huenda kuchuma chai akiwa amezungukwa na minong'ono, na mimi nilikuwa naiona inamzunguka. Sikusema. Kila Jumapili nilisema nitasema. Onchari alinipa spana yangu ya kwanza mwezi uleule, namba kumi na mbili kumi na tatu, na habari za mtoto aliyeshinda braketi ya Mwingereza zikaenda soko kwa soko. Nikaanza kuzisema mwenyewe. Nimezisema miaka yote hii: mtoto wa miaka kumi na miwili, bila rula, ilifika Sigor na kurudi. Nikifika kwenye ngozi husema, "nikatafuta kipande cha ngozi mahali," naenda mbele upesi. Nimejenga karakana ya pili Sigor, na watu wanadhani niliona biashara.

Weldon aliporudi kesho yake nilimwambia koili imekufa, nitaweka nyingine, na ile braketi nitaitoa, nimtengenezee mpya ya chuma kizuri, bure.

"Hapana, mzee. Hiyo ni orijino."

"Orijino ya nani?"

"Ya kiwandani. Si unaona hata ngozi wameweka. Wazungu walikuwa wanajua kazi."

Nikamwambia ile ni kazi yangu, niliifanya nikiwa mtoto, pale sokoni, kwa siku mbili. Weldon akacheka, akanishika bega. "Mzee Kiprono, watu walikuwa wameniambia. Ati wewe hata mvua ikinyesha utasema ni wewe umefungua mfereji."

Mafundi wangu wakacheka wamenipa migongo. Nikampa elfu tatu kwa ile braketi. Akakataa. Elfu kumi. Akanitazama vizuri, na hapo nikajua nimeharibu, kwa maana mteja akiona fundi anatamani, bei imekufa. Akasema pikipiki haiuzwi kwa viungo kama mbuzi ya soko. Nikitaka, nichukue yote. Tulivutana mpaka mchana. Mimi niliyewafundisha watu wa Kiptere kupunguza bei nilinunua pikipiki nisiyoihitaji, kwa bei ambayo mke wangu ameisikia mara moja tu na hataki kuisikia tena.

Nikafungua bolti mbili, nikatoa ngozi, nikaiweka mfuko wa shati, nikaenda Sigor siku hiyohiyo.

Senge Chebet sasa ni mama mzee, amepita sitini. Kibuyu cha Kogo alipewa siku ya harusi, kikiwa kimeshonwa ule ufa kwa kano ya ng'ombe, mshono mmojammoja kama safu ya siafu. Hakiwezi kushika maziwa, kwa hiyo kimekaa kwenye msumari ukutani juu ya televisheni, kimefungwa kamba ya sisali. Nimekunywa chai chini ya kibuyu kile labda mara mia, na kila mara nilichagua kiti kinachokipa mgongo.

Nikatoa ngozi, nikaiweka mezani.

Senge akaichukua, akainusa, akacheka taratibu mpaka akajifuta macho.

"Umechelewa, Kiprono," akasema.

Akainuka, akashusha kibuyu, akafungua kifuniko, akakipindua juu ya meza. Ukatoka mkanda wa Kogo uliobaki, kisha kipande cha mpira, kimekauka, kimepasuka kama ganda la mti, na waya wa shaba bado umezunguka ncha zote mbili, mizunguko saba, saba.

"Senge, ulijua?"

"Kogo ndiye alijua. Ile Jumanne, wakati anasugua kibuyu. Aliniita jikoni akanionyesha. Akaniambia, 'Ona vile mtoto amefunga.' Alikuwa anafurahi, huyo mama. Alikuwa anageuza hiyo waya akiangalia."

"Na bado akakiinua na huo mkanda?"

"Nilimwambia akibebe na mikono. Akasema, kama Kiprono amefunga, itashika."

Nikasimama. Nikaenda mpaka dirishani. Hapakuwa na kitu dirishani, ng'ombe wa jirani tu. Nikauliza, bila kugeuka, kwa nini Kogo hakuutoa ule mpira siku ile mbele ya wageni, wakaona ni mambo ya mtoto, wakacheka, wakaendelea na maneno. Miezi minane isingekuwepo.

"Hiyo nilimwambia mimi mwenyewe, usiku ule," akasema Senge. "Nilimwambia awafuate hata kwa miguu. Akakataa. Akasema babako atakuchapa, na mtoto akichapwa kwa kazi ya mikono yake, hiyo mikono haitashika kitu tena. Nilimnunia yeye miezi minane. Wewe sikukununia. Ulikuwa mtoto." Akamimina chai. "Kaa basi, unanichosha na kutembea."

Nikakaa. Miaka yote hii nilikuwa na hesabu moja kichwani: niliiba, Kogo akavunjikiwa, Kogo akanificha kwa huruma. Hesabu hiyo niliizoea. Sikujua kwamba Kogo alikuwa amepokea kazi yangu. Aliiona, akaipenda, akaiamini mbele ya wageni kwa mkono mmoja. Mteja wangu wa kwanza hakuwa mwinjilisti. Alikuwa yeye, na kazi yake ndiyo pekee ambayo sikuijaribu na mzigo. Tangu siku ile hakuna kitu kinachotoka karakana yangu bila kujaribiwa na uzito wake kamili na nusu juu yake. Mafundi wangu hunung'unika. Nilikuwa nawaambia ni utaratibu wangu tu.

Tulishona ngozi mahali pake jioni ile, Senge anashika, mimi napitisha sindano. Imekaa miaka yote kwenye joto la injini na bado inapinda. Kisha nikamwambia akimiminie maji, akasema kitavuja, nikamwambia acha kivuje, tukakijaza, nikakiinua kwa mshikio, kwa mkono mmoja, nikakishika hewani, maji yanatiririka kwenye ule mshono mpaka ndani ya mkono wa shati langu. Kilishika.

Pikipiki iko Sigor, ina koili mpya na braketi mpya, inawaka. Senge aliniuliza kile kipande cha ngozi kimenigharimu ngapi kwa jumla, na mimi sipendi kukadiria, kwa hiyo nilimpigia hesabu palepale. Pikipiki, laki moja na elfu themanini na tano. Petroli ya kuja na kurudi, elfu mbili. Sindano na uzi wa kushonea viatu, mia mbili na sitini. Shilingi laki moja, elfu themanini na saba, mia mbili na sitini.